Je, Kunawa Mikono ni Kukosa Imani?

Leo nina neno na wale wasemao, "Mkristo wa kweli haogopi ugonjwa." Neno lenyewe lapendeza masikioni. Lasemwa sokoni Kikula, lasemwa katika taksi za kwenda Panda, lasemwa na wahubiri wa mikesha, na, tusifichane, lasemwa hata na Wakatoliki wenye rozari shingoni. Wengi huitikia Amina bila kulichungua. Mimi nataka kulichungua, maana neno tamu laweza kuficha sumu, na sumu hii yaua watu wasiokuwa na kosa.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa, kwa sababu binadamu husahau upesi. Tarehe 10 Machi 2020 serikali ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana Kinshasa. Kesho yake Shirika la Afya Duniani likasema kwamba ugonjwa huo umekwisha kuenea duniani pote. Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya hatari na kufunga mipaka. Makanisa yalikuwa yamekwisha kufungwa, nayo hayakufunguliwa mpaka tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Mama Bikira Maria. Karibu miezi mitano bila Misa ya pamoja! Pasaka ya mwaka ule wengi wetu tuliisikiliza redioni, tumepiga magoti sakafuni, watoto wakishangaa.

Na mjini kwetu Likasi watu walisemaje? Walisema maneno matatu. La kwanza, "Ile ni maladi ya bakubwa, ya wenye kupanda ndege." La pili, "Hakuna ugonjwa, wanatafuta franga." La tatu, lililovaa nguo za dini, ndilo hili la leo, "Sisi tuna Yesu, kashene ya nini?" Dharura ya ugonjwa imepita, maana tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hatari ile kubwa imekwisha. Lakini maneno matatu hayakupita. Yamebaki mitaani, yanangoja ugonjwa mwingine. Basi tuyajibu sasa, kabla haujafika.

Naanza na hili la dini, kwa maana ndilo linalotuhusu zaidi.

Ndugu yangu wasema kwamba imani yako yakulinda. Vema. Lakini je, hukusoma habari za Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu? Shetani alimwambia ajitupe chini, malaika watampokea. Tena shetani alisema hayo kwa maneno ya Maandiko Matakatifu! Bwana wetu alikataa. Alijua kwamba malaika wako, alijua kwamba Baba yampenda, hata hivyo hakujitupa. Alikuita huko kumjaribu Mungu. Basi wewe u nani, hata ufanye lile ambalo Mwana wa Mungu alilikataa?

Tena angalia tofauti moja. Mtu ajitupaye toka mnarani hufa peke yake. Lakini ugonjwa wa korona si hivyo. Waletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, kiitwacho virusi, nacho hukaa katika pumzi na mate ya mgonjwa. Akikohoa, akiimba, hata akisema tu, kijidudu hutoka na kuelea katika hewa ya chumba kilichofungwa. Tena mtu aweza kumwambukiza mwenzake kabla yeye mwenyewe hajasikia homa. Kijana wa miaka ishirini hukohoa siku tatu, akapona, akaenda zake kazini. Lakini kambo yake mwenye kisukari, anayelala chumba kimoja naye, hakohoi siku tatu. Basi kijana yule alipokataa kufunika mdomo hakujitupa peke yake. Alimshika kambo mkono, wakaruka pamoja. Imani gani hiyo, inayolipwa kwa maisha ya mwingine?

Labda utaniambia kwamba kufunika mdomo na kukaa mbali ni mambo ya kizungu. La hasha! Fungua kitabu cha Walawi, sura ya 13. Utaona kwamba mwenye ukoma aliamriwa kufunika mdomo wake na kukaa nje ya kambi. Fungua Injili ya Luka, sura ya 17. Wakoma kumi walisimama mbali walipomwita Yesu, naye hakuwakemea kwa kusimama mbali. Aliwaponya. Fungua Yoshua bin Sira, sura ya 38, uone jinsi tunavyoamriwa kumheshimu mganga, kwa sababu ni Mungu aliyemwumba mganga na dawa pia. Mtu anayemdharau mganga kwa jina la Mungu amemdharau Mungu mwenyewe katika kazi ya mikono yake.

Watakatifu nao walifanyaje? Mwaka 1576 tauni iliingia Milano, katika Italia. Askofu wa mji ule alikuwa Mtakatifu Karolo Boromeo. Hakukimbia. Aliwatembelea wagonjwa, akauza vitu vyake ili kuwalisha maskini. Lakini hakuwakusanya watu wote ndani ya kanisa moja wapumuliane. Aliamuru altare zijengwe nje, katika njia na viwanja vya mji, ili watu waliofungiwa nyumbani waione Misa kutoka madirishani. Hiyo ndiyo imani yenye macho. Moyo wa simba, akili ya nyoka, upole wa njiwa.

Sasa nitasema jambo ambalo ni gumu kwetu Wakatoliki, kwa sababu ni la nyumbani. Wengi hudhani kwamba nia njema yatosha. Basi wasikilize habari za Yambuku.

Yambuku ni misioni katika pande zilizokuwa za Equateur wakati ule, ambako masista kutoka Ubelgiji walikuwa na hospitali. Walikuwa watu wa sala na wa kazi, nao wagonjwa walitoka mbali kuwafuata. Mwaka 1976 ulitokea ugonjwa usiojulikana na mtu, ambao baadaye uliitwa Ebola. Pale hospitali zilitolewa sindano 5 tu kila asubuhi, nazo zilichoma mtu huyu na mtu yule bila kuchemshwa vizuri kati yao. Masista hawakujua. Kumbe sindano zilizokusudiwa kuponya ndizo zilizobeba kifo kutoka mkono hadi mkono. Watu 318 waliugua, watu 280 wakafa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na masista wamo. Hospitali ilipofungwa, ndipo ugonjwa ulipoanza kupungua.

Je, masista wale walikosa imani? Hapana. Walikosa upendo? Hapana kabisa. Kilichokosekana ni kitu kidogo, yaani sindano safi kwa kila mgonjwa. Kijidudu hakiulizi kama mkono uliokibeba ni mkono wa mtakatifu.

Mganga mmoja Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa Yambuku siku zile. Hakuwa na glavu. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, na damu ikamchafua vidole. Alifanya nini? Alinawa kwa maji na sabuni. Yu hai, na mwaka 2020 ndiye aliyepewa kazi ya kuongoza vita ya korona katika nchi yetu. Wewe ucheke sabuni kama upendavyo, yeye hakuicheka.

Tena mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Masista 6 Waitalia, wa shirika la Maskini wa Bergamo, walikufa mmoja baada ya mwingine katika muda wa majuma machache, kwa sababu hawakuwaacha wagonjwa wao. Mwaka 2021 Kanisa lilitambua fadhila zao za kishujaa. Twawaheshimu kwa moyo wote. Lakini twajua pia kwamba glavu, kashene na mafundisho ya kujikinga yalipofika Kikwit, wauguzi waliacha kuambukizwa, isipokuwa wachache mno. Tuwaombe masista wale watuombee, nasi tuvae glavu. Mambo hayo mawili hayagombani.

Basi nimalize neno la kwanza, niende kwa wale wa franga.

Hapa sitakuwa mkali sana, kwa sababu watu hawa wana sababu zao, na mtu wa haki huzikubali. Wazee wa Katanga wakumbuka hofu ya batumbula, wale watu wa usiku waliosemwa kwamba hukamata watu weusi kwa ajili ya wazungu. Hofu ile haikuota hewani. Iliota katika udongo wa taabu za wakati wa ukoloni. Tena mwezi ule ule wa Machi 2020, tulipokuwa tukiambiwa tujihadhari, aliyekuwa waziri wa afya alihukumiwa miaka 5 ya kazi ngumu kwa ajili ya fedha za Ebola. Na tarehe 1 Aprili, katika televisheni ya Ufaransa, wataalamu wawili walizungumza juu ya kujaribu chanjo katika Afrika, kwa namna iliyotuudhi sote. Basi mtu akishuku, simwiti mjinga.

Lakini nauliza swali moja. Mwizi akiiba magunia ya unga, je, unga wenyewe wageuka kuwa sumu? Mwizi afungwe, unga upikwe, watoto wale. Fedha za dawa zikiibwa, dai langu na lako liwe kwamba zirudishwe, wala si kwamba dawa itupwe. Anayekataa chanjo kwa sababu mkubwa ameiba amefanya nini? Hakumwadhibu mkubwa. Mkubwa akiugua hupanda ndege kwenda kutibiwa mbali. Anayeadhibiwa ni mama muuza makala wa Shituru, ambaye hospitali yake ni ile ya karibu tu.

Tazameni yaliyotukia. Tarehe 2 Machi 2021 dozi milioni 1.7 za chanjo ya korona ziliwasili Kinshasa, bila malipo. Wakuu wenyewe walisitasita, kazi ikaanza tarehe 19 Aprili, na watu waliojitokeza walikuwa wachache. Basi dozi milioni 1.3 zikaondolewa, zikapewa nchi nyingine kabla hazijaharibika. Mwaka ulipokwisha, katika kila Wakongo mia hakupatikana hata mmoja aliyemaliza chanjo. Na wale waliosema kwamba chanjo ni haramu kwa Mkristo walisema bila ruhusa ya Kanisa. Roma ilikuwa imekwisha kufundisha, tarehe 21 Desemba 2020, kwamba yafaa kuipokea bila kosa, na katika Agosti 2021 marehemu Papa Fransisko alituambia kwamba kuchanjwa ni tendo la upendo. Je, Mkatoliki anayemwamini mhubiri wa telefoni kuliko Baba Mtakatifu, ajiite nani?

Sasa latoka neno la tatu, "Mwaona? Walisema tutakwisha, nasi hatukwisha. Basi ulikuwa uongo."

Nakubali kwamba waliotabiri maiti barabarani walikosea. Vifo vya korona vilivyohesabiwa katika nchi yetu vilizidi 1,400, na nchi nyingine zilizika watu wengi zaidi sana. Sisi ni taifa la vijana, na ugonjwa ule uliwaua hasa wazee. Lakini vilivyohesabiwa si vyote vilivyokuwapo. Mzee aliyefia kitandani mwake Kambove, bila kupimwa, ni nani aliyemhesabu? Mtu aliyevuka mto wenye mamba akafika salama asiseme kwamba mtoni hakuna mamba. Aseme Mungu ashukuriwe, kisha awaonye watoto.

Tena hapa ndipo nataka tusikilizane kwa makini, kwa maana hapa ndipo penye uchungu. Wakati ule ule, watu wote wakibishana juu ya korona, surua ilikuwa ikiua watoto. Toka 2019 mpaka Agosti 2020 surua iliua katika nchi yetu watu zaidi ya 7,000, walio wengi watoto wasiotimiza miaka mitano. Zaidya korona mara kadhaa! Na nani aliyelia? Surua nayo ni virusi, nayo huenda kwa pumzi, tena huambukiza kuliko korona. Lakini chanjo yake yajulikana miaka mingi, nayo hutolewa bure kwa mtoto wa miezi tisa.

Nauliza basi. Mama aliyefundishwa kwamba kila sindano ni hila, siku ya mtoto wake kuchanjwa surua atafanya nini? Atafunga mlango. Nimewaona wakifunga. Muuguzi amepita na sanduku lake la barafu, jua kali, mama yumo ndani, mtoto mgongoni, amenyamaza kimya mpaka hatua zimekwisha kusikika. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alimsadiki yule aliyesema kwa sauti kubwa. Mbishi wa korona yeye alikuwa akipiga domo tu, akishinda ubishi wake na kunywa bia yake. Lakini neno lake lilitembea, likaingia nyumba asiyoijua, likamkuta mtoto asiyemjua. Atajibu nini siku ya hukumu? Atasema kwamba alikuwa akitania?

Tuwaulize wazee wetu juu ya ndui. Wako wenye makovu usoni hata leo. Katika Kongo mgonjwa wa mwisho wa ndui alionekana mwaka 1971, na mwaka 1980 dunia nzima ilitangaza kwamba ndui imekwisha. Iliondokaje? Watu walisali, naam. Na Mungu aliwajibu kwa miguu ya wachanjaji waliokwenda kijiji kwa kijiji, wakavuka mito kwa mtumbwi, mpaka nyumba ya mwisho. Mtu aliyesali mvua akaichukia mawingu, huyo hajui alichokiomba.

Lakini nisiwapige wadogo peke yao. Nina neno na ninyi pia mtoao amri.

Mlituambia, "Naweni mikono." Vema sana. Lakini katika mitaa mingi bomba hulia hewa tu, na mama hubeba bidoni kichwani kutoka mbali. Mlituambia, "Kaeni nyumbani." Katika Machi 2020 wakuu wa Haut-Katanga waliamuru watu wakae ndani siku mbili, lakini mchimbaji na mwuza nyanya hula jioni kile walichokipata mchana. Barabarani polisi walitoza faini mtu asiye na kashene, kisha kashene yenyewe hakupewa. Baa zilifunguliwa tarehe 22 Julai 2020, makanisa yakangoja mpaka 15 Agosti, wala hatukuelezwa sababu. Shauri lisiloweza kufuatwa si shauri, ni tusi. Mkitaka tuwasadiki siku ya taabu, leteni maji siku ya amani, na fedha za dawa ziwe dawa. Mtu hatii sauti anayoisikia siku ya faini peke yake.

Hata hivyo, ndugu Mkristo, kosa la mkubwa halifuti wajibu wako. Ukosefu wa bomba haukukatazi kuweka ndoo yenye kifuniko na kipande cha sabuni mlangoni. Basi parokiani tufanye haya, tusingoje amri ya mtu.

Kwanza, mwenye kikohozi na homa abaki nyumbani Jumapili ile. Hana dhambi kwa kukosa Misa, maana ugonjwa ni sababu ya haki. Jirani amletee habari za mahubiri na chakula pia.

Pili, madirisha ya kanisa na ya nyumba za mikutano yafunguliwe, hata baridi ya Juni ikituuma. Hewa haiuzwi.

Tatu, kila jumuiya ijue majina ya wazee wake, wenye kisukari na wenye pumu, ili ugonjwa ukiingia wawe wa kwanza kulindwa.

Nne, kila mama aonyeshe karatasi ya chanjo za mtoto kwa kiongozi wa jumuiya, si kwa kuhukumiwa, bali kwa kukumbushana. Siku ya chanjo, wanawake waende pamoja kama wanavyokwenda sokoni. Mwenye hofu asichekwe. Muuguzi amweleze, na homa ndogo ya siku moja ikija baada ya sindano, aambiwe mapema ili asishtuke.

Tano, habari ya ugonjwa iliyoletwa na telefoni isipelekwe mbele kabla ya kumwuliza muuguzi. Kusema uongo ni dhambi, na kuusambaza bila kuuliza si mbali nayo.

Nataka kumalizia kwa Naamani, jemadari wa Shamu, mwenye ukoma. Alikwenda kwa nabii Elisha na magari na fedha, akitazamia muujiza mkubwa. Nabii hakutoka hata nje. Alituma mtu amwambie akaoge mara saba katika Yordani. Naamani alikasirika mno. Kuoga tu? Kwani kwao hakuna mito? Akageuka kwenda zake na ukoma wake. Walikuwa watumishi wake waliomshika kwa maneno ya upole, wakamwambia kwamba kama angeagizwa jambo gumu angelitenda, basi kwa nini asitende lililo jepesi? Akashuka mtoni, akatoka na ngozi kama ya mtoto mchanga.

Angalieni, wapenzi. Naamani hakuwa mbali na kufa kwa sababu dawa ilikuwa ngumu. Alikuwa mbali na kupona kwa sababu dawa ilikuwa nyepesi mno kwa kiburi chake. Nasi pia Mungu hutuma watumishi wenye maneno mepesi, naweni, funikeni mdomo, fungueni dirisha, mchanjeni mtoto. Siku muuguzi atakapobisha hodi na sanduku lake la barafu, usijifiche, mama. Fungua mlango.